Bei ya Bondeni: Jinsi mafuriko yanavyopanga nani aishi wapi Dar es Salaam

Agosti ni mwezi mzuri wa kuuza nyumba iliyoko bondeni. Masika yameshasahaulika, mto umebaki mkondo mwembamba wa maji meusi ambao watoto wanauruka, na kuta zimepakwa rangi. Dalali hutangulia mbele akitaja sifa za nyumba: kituo cha mwendokasi kipo karibu, Kariakoo unakwenda kwa miguu, umeme upo, maji ya bomba yapo. Mteja akiuliza habari za mvua, jibu huwa tayari mdomoni: "Maji yanapita kule chini, bosi. Hapa hayafiki."

Mwenye kuangalia vizuri ataona mengine. Rangi mpya imeanzia chini na kuishia usawa wa kiuno. Juu ya hapo ukuta ni ule ule wa zamani. Soketi za umeme zimepandishwa hadi usawa wa bega la mtu mzima. Mlangoni kuna kizingiti cha zege kinachofika magotini. Chumbani kitanda kimesimama juu ya tofali, mbili kila mguu. Dirisha ambalo fundi alilijenga likiwa kifuani sasa liko usawa wa paja, kwa sababu kila baada ya mafuriko mwenye nyumba hujaza kifusi ndani na kupiga sakafu upya, na kila sakafu inapopanda, dari inazidi kushuka kichwani.

Bei nayo inasema. Nyumba ya vyumba vinne upande wa bondeni huuzwa kwa bei ambayo ukipanda mlima kidogo haikupatii hata kiwanja kitupu. Muuzaji anajua kwa nini. Dalali anajua. Majirani wanajua, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa atakayegonga muhuri anajua kuliko wote. Asiyejua mara nyingi ni mmoja tu, yule anayetoa fedha: mtumishi aliyehamishiwa mjini kutoka mkoani, mfanyabiashara mdogo aliyedunduliza miaka kumi, mjane aliyepata mafao ya marehemu mumewe. Hapo ndipo ilipo shida ninayotaka kuizungumzia. Tabianchi imeshaingia katika bei za nyumba za jiji hili, lakini imeingia kwa mlango wa nyuma, na gharama yake inabebwa na aliyefika mwisho.

Jiji lililoshuka mtoni

Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu huko Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata, Buguruni, Kigogo na Magomeni, unatandawaa Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salander. Njiani unapokea vijito vinavyoteremka kutoka Sinza, Ubungo na Tandale. Kwa maneno mengine, mvua inayonyesha kwenye mabati ya sehemu kubwa ya jiji inatafuta njia ya kupita kwenye bonde hilo hilo moja.

Zamani bonde lilikuwa na nafasi ya kuipokea. Kulikuwa na mikoko, mabwawa, mashamba ya mpunga na mboga, na huko juu Pugu kulikuwa na msitu mnene wa kushika maji. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 ulilitaja bonde kuwa eneo lisilofaa kwa makazi. Lakini watu walikuwa wameshaanza kushuka, na waliendelea. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Ndani ya miaka 10 jiji limeongeza watu zaidi ya milioni moja, na viwanja vilivyopimwa haviwatoshi. Sehemu kubwa ya wakazi, takriban asilimia 70 kwa makadirio yanayotumika kila siku, wanaishi katika makazi yasiyopangwa. Aliyekosa kiwanja mlimani alikipata bondeni.

Desemba 2011, siku chache tu baada ya taifa kusherehekea miaka 50 ya Uhuru, mvua ilinyesha kwa siku tatu mfululizo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya namna hiyo haikuwahi kurekodiwa jijini tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walifariki. Waliookoka walikutwa juu ya mapaa, wengine wakiwa wameshikilia matawi ya miti. Tangu hapo mafuriko hayakuwa tena jambo la kuhadithiwa na wazee. Yalirudi mwaka 2014, yakarudi 2018, yakarudi 2019, na msimu wa El Niño ulioanza mwishoni mwa 2023 ulipofika Aprili 2024, Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamepoteza maisha nchi nzima kutokana na mvua na maporomoko. Utafiti wa Benki ya Dunia uliofuata mafuriko ya Aprili 2018 ulikadiria hasara ya jiji kuwa zaidi ya dola milioni 100.

Mvua peke yake haikufanya yote hayo. Mchanga uliomomonyoka kutoka milimani umejaza kitako cha mto, na pale Jangwani nafasi kati ya maji na daraja imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka licha ya kuchimbuliwa mara kwa mara. Taka zimeziba makalavati. Na kila paa jipya na kila ua uliopigwa zege huko juu ni maji zaidi yanayoteremka kwa kasi zaidi. Anayejenga Kimara na anayefurika Kigogo hawafahamiani, lakini wameunganishwa na mtaro mmoja.

Kwa nini wanarudi

Baada ya mafuriko ya 2011 serikali iliwahamishia waathirika Mabwepande, upande wa Bunju, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Walipewa viwanja, wakaanza maisha kwenye mahema, wakapewa na saruji ya kuanzia ujenzi. Kwa hesabu ya ardhi, ilikuwa biashara nzuri: kutoka mahali pasipo na hati kwenda kwenye kiwanja kilichopimwa, pakavu. Hata hivyo wapo waliouza viwanja vile wakarudi mjini, wengine bondeni kule kule, na watu wengi wakawacheka. Waliitwa wajinga, waliitwa watu waliozoea shida.

Mimi siwacheki. Chukua mama anayeuza chapati na supu kwa makuli wa Kariakoo. Biashara yake inaanza saa kumi na moja alfajiri na mtaji wake ni wa siku moja. Akiwa Jangwani, anatembea. Akiwa Mabwepande ya miaka ile, angehitaji kuamka saa nane usiku, kutafuta usafiri ambao haupo, na kulipa nauli ya kwenda na kurudi inayokula faida yote. Mafuriko huja mara moja kwa mwaka au mara moja kwa miaka mitatu. Nauli huja kila siku. Mtu akipiga hesabu hiyo na kuchagua bonde, hajakosa akili. Amechagua hatari anayoweza kuichelewesha badala ya hasara isiyoepukika.

Hapo ndipo wapangaji wa miji wanapokosea kila mara. Wanadhani thamani ya nyumba ni kuta na ardhi. Kwa mtu wa kipato cha chini thamani ya nyumba ni umbali wake kutoka kwenye kazi, ni jirani anayemkopesha unga, ni shule ambayo mtoto anakwenda bila kuvuka barabara kuu. Hivyo vyote havihamishiki kwa lori.

Na kuna jambo jingine lisilopendeza kulisema. Mabwepande haikubaki kama ilivyokuwa. Barabara zilifuata, umeme ulifuata, na jiji lenyewe likasogea upande ule. Waliokuwa na uwezo wa kusubiri ndio waliovuna kupanda kwa thamani. Waliouza mapema waliuza kwa sababu ya njaa, na walionunua kutoka kwao hawakuwa watu wa mabondeni.

Mlima mdogo wa kifusi

Mwenye fedha akinunua eneo lenye maji hafanyi kama maskini. Huleta malori. Kifusi kinamwagwa wiki nzima, kiwanja kinapanda mita nzima juu ya kilivyokuwa, kinazungushiwa ukuta wa mawe, na nyumba inajengwa juu yake. Ikikamilika haina historia ya maji, na thamani yake inalingana na za mlimani.

Lakini maji aliyoyafukuza hayajatoweka. Yamehamia kwa jirani. Watu wa Msasani Bonde la Mpunga wanalijua hilo vizuri. Eneo lile lilikuwa tambarare oevu iliyolimwa mpunga, na maji ya mvua yalikaa humo kabla ya kuteremka baharini. Majengo makubwa yalipoanza kujengwa pembeni, kila moja likiwa limeinuliwa kwa kifusi, nyumba ndogo za katikati zikawa ndizo bakuli. Mwenye nyumba ambaye mwaka 1990 alikuwa akiishi pakavu sasa anafurika bila yeye kusogea hata hatua moja.

Barabara pia hufanya vivyo hivyo. Pita mitaa ya Magomeni au Kinondoni uone nyumba ambazo sasa unaziingia kwa kushuka ngazi. Hazikujengwa chini. Barabara ndiyo iliyopandishwa, tabaka juu ya tabaka, na mtaro ukajengwa ukiwa na mdomo ulio juu kuliko ua wa mwenye nyumba. Hakuna aliyemlipa fidia, kwa kuwa nyumba yake haikuguswa. Imeporomoka bei tu. Huo ni uhamishaji wa mali kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na unafanyika mchana, kwa malori yenye namba za usajili, bila sheria yoyote kuulizwa. Kama kuna jambo ambalo halmashauri za jiji zinaweza kulidhibiti bila mkopo wa mtu yeyote, ni hili la kumtaka kila anayejaza kifusi aonyeshe kwanza maji yatakwenda wapi.

Mpangaji na kodi ya miezi sita

Katika mazungumzo ya mafuriko tunamtaja mwenye nyumba na kumsahau mpangaji, ilhali bondeni wapangaji ni wengi. Wenye nyumba wengi waliofurika mara mbili au tatu wamekwishahama. Wamejenga Chanika, Kivule, Goba au Mbagala, na nyumba ya bondeni wameigawa vyumba na kuipangisha. Kwao ile nyumba imegeuka kitega uchumi ambacho hawana haja ya kulala ndani yake.

Mpangaji huja kiangazi, anaona chumba cha bei nafuu, analipa kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali. Mvua inaanguka mwezi wa tatu. Usiku maji yanaingia, yakiwa yamechanganyika na ya vyoo, kwa sababu wapo wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe mashimo yao. Godoro limekwenda, friji ndogo imekwenda, cherehani imekwenda, sare za watoto zimekwenda. Asubuhi akimpigia mwenye nyumba simu kuomba kodi iliyobaki ili ahame, anaambiwa fedha imeshatumika. Basi anaanika godoro kwenye bati na kubaki. Amefungwa na kodi aliyoilipa mwenyewe.

Desturi ya kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo imelalamikiwa kwa miaka mingi, hata bungeni, kwa sababu ya uzito wake mfukoni. Kwa mkazi wa bondeni ina uzito mwingine: inamnyima haki ya kukimbia. Kama kuna aina ya mikataba ya kupangisha inayopaswa kulipwa kwa mwezi kwa lazima, ni ile ya nyumba zilizo kwenye njia ya maji.

Fidia nayo, inapokuja, humkuta mwenye nyumba huko Chanika. Mpangaji huondoka na ndoo zake.

Alama nyekundu na LUKU

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inatambua ardhi hatarishi. Kwa misingi hiyo, Desemba 2015 matingatinga yaliingia Bonde la Msimbazi. Nyumba zilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu na kubomolewa, Mkwajuni, Magomeni na Jangwani, hadi baadhi ya wakazi walipokimbilia mahakamani.

Nyumba yenye X nyekundu haiuziki. Haikopesheki. Hata mpangaji huogopa. Lakini X haikufuta miaka iliyotangulia, na hapo ndipo wakazi wa bonde wanapokuwa na hoja nzito. Nyumba nyingi kati ya hizo zina mita ya umeme, na aliyeifunga si mwizi. Ni shirika la umma. Zina mita ya maji. Zina karatasi za mauziano zenye muhuri wa serikali ya mtaa. Kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na baadaye 1,500 kuanzia 2023, haina utaratibu wa kuuliza kama nyumba iko ndani ya mita 60 za mto. Inakata tu. Serikali yenyewe ilijenga karakana ya mabasi ya mwendokasi pale pale Jangwani, huduma ikaanza Mei 2016, na mabasi yakafurikiwa kama vitanda vya watu.

Sasa kuna Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, na Uholanzi na Hispania zikaongeza mkono. Mpango ni kuchimba na kupanua mto, kujenga daraja la juu zaidi Jangwani, kuhamisha ile karakana, kuotesha miti huko juu na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji. Ni mpango mzuri na ninautakia heri. Fidia zilipoanza kutathminiwa, mgogoro mkubwa ulikuwa juu ya ardhi: jengo lina bei, lakini ardhi iliyo chini yake, kwa kuwa ni hatarishi, ilihesabiwa kama haina. Baada ya malalamiko ya wakazi serikali ilikubali kuongeza malipo kwa ajili ya ardhi. Lilikuwa jambo la haki. Mtu aliyetozwa kodi ya jengo, akauziwa umeme na kugongewa muhuri hawezi kuambiwa siku ya kuondoka kwamba hakuwahi kuwa na kitu.

Swali ninalolisubiri ni la baadaye. Bustani ikikamilika, maji yakitulizwa, nyumba za pembeni zitapanda thamani sana, kwa kuwa hakuna ardhi nyingine iliyo karibu na Kariakoo na Posta kiasi hicho. Nani atakuwa akiishi hapo? Uzoefu wa mitaa iliyojengewa barabara na mitaro ni kwamba kodi za vyumba hufuata lami. Kama hakuna nyumba za gharama nafuu zitakazotengwa ndani ya eneo hilo kwa ajili ya waliolibeba bonde miaka yote ya tope, basi watalihama mara mbili, mara ya kwanza kwa maji na mara ya pili kwa fedha.

Bahari, benki na bima

Si bondeni peke yake. Kunduchi bahari imekuwa ikila ufukwe kwa miongo kadhaa. Hoteli ya Africana, iliyokuwa na jina kubwa, iliachwa kwa sababu hiyo, na wenye majengo ya ufukweni wamekuwa wakipanga mawe na kujenga kuta kujikinga. Pembeni ya Barabara ya Barack Obama umejengwa ukuta imara wa kuzuia mawimbi, uliokamilika mwaka 2018 kwa fedha za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Mwenye nyumba ya ufukweni hana tofauti na wa Kigogo mbele ya maji. Tofauti yao ni kwamba huyu wa ufukweni ana nyumba nyingine.

Nairobi nao walipitia bomoabomoa ya kingo za mito mwaka 2024. Baada ya mvua za masika kuua mamia ya watu nchini Kenya, serikali iliamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru, na Rais Ruto akaahidi shilingi 10,000 za Kenya kwa kila kaya iliyoondolewa. Fedha hiyo haikutosha kumpeleka mtu mbali.

Huko Marekani hatari kama hizi hupitia benki na bima. Mei 2023 kampuni ya State Farm ilitangaza kuacha kuchukua wateja wapya wa bima ya nyumba California, ikitaja gharama za ujenzi na ukubwa wa majanga. Nyumba isiyo na bima haipati mkopo, na nyumba isiyopata mkopo hukosa wanunuzi wengi, hivyo bei hushuka hadharani. Kule Miami watafiti waliona thamani ya nyumba za sehemu za juu ikipanda haraka kuliko za chini, na wakazi wa mitaa ya watu weusi kama Little Haiti, iliyo juu kidogo ya usawa wa bahari, wakaanza kusukumwa na wawekezaji waliokuwa wakiikimbia pwani. Mfumo ule una ukatili wake. Lakini angalau una mtu anayelazimika kuandika hatari kwenye karatasi kabla fedha haijatoka.

Sisi hatuna mtu huyo. Mikopo ya nyumba Tanzania haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Watu wengi hujenga kwa fedha taslimu, tofali kwa tofali, na bima ya nyumba ni kitu cha wachache. Kwa hiyo hakuna ofisa wa benki wala wa bima anayesimama mlangoni kuuliza maji yalifika wapi mwaka jana. Yupo dalali, na dalali hulipwa nyumba ikiuzwa.

Karatasi ya mauziano

Chukua hati ya mauziano ya serikali ya mtaa uisome. Ina jina la muuzaji na la mnunuzi, ina bei kwa tarakimu na kwa maneno, ina mashahidi wa pande mbili, ina picha ndogo, muhuri na saini ya mwenyekiti. Ina mipaka: kaskazini amepakana na fulani, mashariki na fulani, magharibi na fulani, kusini na fulani. Majirani wanne wanatajwa kwa majina. Jirani wa tano, ambaye huja usiku bila hodi na kuondoka na godoro, hana mstari wake. Katika mitaa mingi mwenyekiti au ofisi yake hudai asilimia 10 ya mauzo, malipo ambayo hayamo katika sheria. Na hata hayo yakilipwa, mnunuzi haambiwi neno kuhusu maji.

Taarifa zenyewe zipo. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa kuchora ramani za kata zinazofurika jijini, nyumba kwa nyumba, mtaro kwa mtaro, wakitumia hata ndege ndogo zisizo na rubani. Waliwauliza watu maji yalifika wapi, na watu wakawaonyesha: magotini, kiunoni, kifuani. Ramani hizo ziko wazi kwa umma. Zimetumiwa na wahandisi na wafadhili. Hazijawekwa pale zinapohitajika zaidi, yaani juu ya meza ya serikali ya mtaa siku ya mauziano.

Ningependa Wizara ya Ardhi na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, waanze na jambo dogo, la gharama ndogo. Waongeze mstari mmoja katika fomu ya mauziano na mmoja katika mkataba wa kupangisha: mara ya mwisho maji kuingia hapa ni lini, na yalifika wapi. Muuzaji atie saini. Mwenyekiti athibitishe. Ikibainika kwamba wamedanganya, mnunuzi adai fedha yake, na mpangaji arudishiwe kodi iliyobaki. Bei za bondeni zitashuka, najua, na wenye nyumba wa leo watalalamika kwamba wananyang'anywa mali yao. Malalamiko yao yana haki, na ndiyo maana mstari huo uende pamoja na fidia ya kweli, inayohesabu ardhi, kwa wanaotakiwa kuondoka. Lakini kuendelea kuuza kwa siri hakulindi mali ya mtu. Kunamtafuta tu mwingine wa kubeba hasara.

Wakati tukiisubiri serikali, wewe unayetafuta nyumba au chumba usisubiri. Usinunue Agosti. Nenda Aprili, mvua ikiwa inanyesha, uvae viatu vya kuloana. Kagua soketi, kagua kizingiti, tazama rangi imeishia wapi. Muache dalali nje ya geti, ubishe hodi nyumba ya tatu na ya nne, umuulize mama mwenye nyumba, si kama maji yanafika, bali mwaka gani yalifika na yalifika wapi. Atakuonyesha kwa mkono ukutani. Na wewe unayeuza, ukiulizwa, sema.